Namba tupu zimenitesa leo
Jamani leo nimepambana na programu yangu tangu asubuhi, kila ikikrashi inaniachia namba tupu, 0x55d3c4a012f6, yaani anwani ya memori ilipokrashi, sasa hapo utajuaje ni fanksheni gani? Nikaipa addr2line, zana ya kugeuza anwani kuwa jina la faili na mstari wa kodi, ikanirudishia ??:0, yaani haijui, nikadhani nimesahau kukompaili na -g, ile ya kuweka taarifa za kutafutia makosa, kumbe niliweka. Shida ni kwamba Linux inaipakia programu sehemu tofauti ya memori kila ukiiwasha, kwa hiyo lazima kwanza kwenye ile namba upunguze anwani ya mwanzo, yaani pale programu ilipoanzia, unaikuta mstari wa juu kabisa wa /proc/self/maps, faili la kuonyesha programu imekaa wapi kwenye memori, nami nimeifanya programu iichapishe yenyewe kabla haijafa maana ikishakufa hiyo maps huipati tena. Yangu ilikuwa 0x55d3c4a00000, nikatoa ikabaki 0x12f6, nikarudia addr2line na -f -C, za kuonyesha jina la fanksheni kwa namna inayosomeka, hapo hapo likatoka jina la fanksheni, faili na mstari wa 48. Nimefurahi mno aisee!