Dakika mbili za mashine, siku nzima ya fundi

Saa 11 alfajiri niko kwenye matatu kutoka Donholm. Saa 1 nimeshavaa ovaroli katika kiwanda cha maziwa, Industrial Area.

Ninachomelea mabomba ya stenlesi kwa mashine ya obita. Bomba hutulia, ncha ya tungsteni inayotoa moto wa umeme hulizunguka ndani ya kichwa kilichofungwa, na programu hupunguza ampia za umeme kadiri bomba linavyozidi kupata moto. Bomba la inchi 2 huchukua kama dakika 2. Ndiyo maana watu husema nabonyeza kitufe tu, na inaniuma, kwa sababu kazi yote huwa imefanyika kabla ya kitufe.

Saa 2 tunachomelea kipande cha majaribio, tunakipasua, tunakagua ndani. Safi. Kufikia chakula cha mchana tumemaliza viungo sita.

Saa 8 tukaanza cha saba. Ncha za mabomba zimekatwa kwa pembe mraba, zimepanguswa kwa asetoni, bomba limezibwa pande zote mbili, gesi ya agoni inaingia polepole kusukuma hewa nje. Mita ya oksijeni ikashuka: 900, 400, 180. Hapo ikagoma. Mimi siwashi kabla haijafika chini ya sehemu 50 kwa milioni.

Msimamizi wa kiwanda akaja. "Fundi, gesi si imeingia? Bonyeza tumalize, zamu ya usiku inangoja maziwa."

"Mkubwa, nikibonyeza sasa, nje utaona mshono mzuri, lakini ndani utaungua, ubadilike rangi, na kutu ipate pa kuanzia. Kutu ikila, maziwa yatashika hapo, vijidudu vizaliane, na hata mkiosha kwa magadi makali na asidi havitoki vyote."

Akaondoka. Baada ya dakika tano akarudi. Akaondoka tena, akarudi na mwenzake, wakasimama nyuma yangu wakitazama saa. Mimi na msaidizi wangu tulikuwa tumepiga magoti tukipaka maji ya sabuni kila mahali tukitafuta povu. Goti la kulia lilikuwa limekufa ganzi. Tulibadilisha mpira wa gesi, bado 180. Hatimaye msaidizi akachomoa kizibo cha upande wa mbali: raba yake ilikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele. Kijana huyu ana miezi minne tu kazini, na jicho lile ni la fundi.

Raba mpya, gesi upya, kungoja upya. Nikabonyeza. Ncha ya tungsteni ilipofika chini ya bomba, umeme ukapotea.

Kiungo kilichokatika katikati sikiungi viraka. Tulikikata, tukasawazisha ncha, tukaanza mwanzo kwa jenereta. Nje giza lilikuwa limeshaingia. Saa sikutazama tena. Tulipopitisha kamera ndani, mshono ulikuwa mweupe kama fedha, sawa mzunguko mzima. Msimamizi aliinama akautazama kwa muda mrefu, asiseme neno.

Nikachukua kalamu nikaandika juu ya bomba: kiungo 7, namba yangu, oksijeni 38.