Simu ya Saa Tano Usiku

Mwishoni mwa mwaka 2019 baba alipelekwa Mumbai kutibiwa moyo, kaka akamsindikiza. Nyumbani Chang'ombe, Dodoma, tukabaki mimi na mama. Mama alikuwa na swali moja tu: "Watafika saa ngapi?"

Nikamsomea tiketi niliyotumiwa kwenye simu. Kuondoka Dar es Salaam 17:00, kufika 01:30. Saa kumi na moja jioni mpaka saa saba na nusu usiku. "Saa nane na nusu angani, mama." Hakushtuka. Basi la Dar nalo lilikuwa linachukua kama saa nane, na baba, dereva wa lori tangu ujana wake, alishatuzoesha kupima dunia nzima kwa barabara ile ya Kibaigwa, Gairo, Morogoro na Chalinze. Singida kwake ilikuwa nusu Dar.

Usiku ule mama alikaa mkekani akimenya karanga, simu kaiweka juu ya khanga iliyokunjwa. Ikaita saa tano na dakika ishirini. Jina la kaka. Mama akatazama saa ya ukutani, asiipokee.

"Bado saa mbili wafike," akasema. "Ndege imerudi. Au..."

Hakumalizia. Karanga aliyokuwa ameishika ikabaki kati ya vidole, ganda limepasuka nusu.

Nikapokea mimi, mkono ukitetemeka. Kaka akasema wameshatua, baba yuko kwenye kiti cha magurudumu, anaomba maji. Nikambishia. Akanijibu, "Mdogo wangu, huku ni saa nane kasoro dakika kumi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Tiketi huandika saa za kila kiwanja kwa majira ya pale pale. Nilikuwa kidato cha tatu, na hesabu hiyo tulishaifanya darasani: nyuzi 15 za longitudo ni saa moja. Majira yetu hufuata longitudo ya 45 mashariki, ya India 82.5. Tofauti ni 37.5, gawanya kwa 15, unapata saa mbili na nusu. Safari yenyewe ilikuwa ya saa sita. Nilikuwa nayo daftarini, na bado nilimwacha mama yangu akae dakika ile akiamini amefiwa. Mpaka leo nikisoma tiketi ya mtu yeyote wa kwetu, natoa tofauti ya majira kwanza ndipo niseme neno.

Kaka akampa baba simu. Sauti ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa yake.

"Mwambie mama yako, kile kioo cha kwenye ndege kimeandika kilomita kama 4,700. Ni Dar kumi, mwanangu. Dar kumi, na basi la kutoka hapo lingekuwa bado halijaingia Ubungo."

Mama alishanipokonya simu kabla sijajibu.