Siku ya 19 ya kukohoa

Leo kikohozi changu kimetimiza siku 19, na usiku wa kuamkia leo ndio wa kwanza ambao nimelala bila kukatizwa. Kilianza kama mafua ya kawaida hapa Njombe, katika zile alfajiri za Julai ambapo umande huganda juu ya nyasi. Siku ya tatu mafua yakashuka kifuani, nikawa ninakohoa, kwanza kikavu, kisha kwa makohozi mazito ya kijani.

Rangi hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Siku ya sita nilikwenda duka la dawa nikanunua zile kapsuli za rangi mbili ambazo karibu kila nyumba ina mabaki yake kabatini, nikazimeza kwa siku mbili, kisha nikaenda kituo cha afya. Tabibu alinisikiliza kifua, akahesabu pumzi zangu kwa dakika nzima, akapima joto la mwili, kisha akaniambia kuwa nina mkamba, yaani kuta za mirija inayopeleka hewa mapafuni zimevimba na zinatoa ute kupita kiasi. Alinifafanulia kwamba mkamba wa ghafla mara nyingi mno huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama zile kapsuli zangu, haziviwezi, na kwamba ukijani wa makohozi hutokana na chembe nyeupe za damu zilizokwenda kupambana, kwa hiyo peke yake hauthibitishi kuwapo kwa bakteria. Kwa kuwa sikuwa na homa, sikuhema haraka, wala hakusikia kasoro ndani ya mapafu, aliona hakuna dalili za nimonia. Kapsuli akaniambia niziache. Nikapewa paracetamol ya maumivu, na ushauri wa kunywa vitu vya moto, kulamba asali na kupumzika. Kikohozi kikifika wiki mbili, nirudi kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu.

Nakiri kwamba nilitoka nimenuna, maana mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi hutamani kuondoka na mfuko wa dawa. Hata hivyo nilirudi siku ya 14, nikatoa makohozi, na kifua kikuu hakikuonekana. Kumbe kikohozi cha mkamba kuendelea hadi wiki tatu ni jambo la kawaida, kwa sababu virusi vikishaondoka mirija huchukua muda kupona.

Lakini lililobaki kichwani mwangu ni swali aliloniuliza tabibu siku hiyo niliporudi: je, nyumbani kuna mwingine anayekohoa? Nilijibu hapana, na nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipomkumbuka mama. Mama hukohoa kila alfajiri, miaka na miaka, kiasi kwamba sisi watoto tulikuwa tukijua kumekucha kwa kikohozi chake kabla ya jogoo. Nikarudi kitini. Tabibu akasema kwamba kikohozi chenye makohozi kinachodumu miezi 3 au zaidi kwa mwaka, kwa miaka 2 mfululizo, huitwa mkamba sugu, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa na huu wangu. Mama hajawahi kugusa sigara. Amepikia kuni za miwati juu ya mafiga maisha yake yote, katika jiko lenye dirisha moja ambalo majira ya baridi huzibwa kwa gunia. Ndani ya mirija ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia ute na vumbi kuelekea kooni. Moshi wa miaka mingi huviharibu, na kile ambacho kingefagiwa kimyakimya mtu hulazimika kukitoa kwa kukohoa. Zipo dawa za kuvuta kwa mdomo zinazotanua mirija, ila hazirudishi kilichokwisha kuharibika, na zinasaidia kidogo tu ikiwa mgonjwa anaendelea kuketi kwenye moshi uleule.

Nilimweleza mama yote haya. Amekubali twende wote Jumatatu akapimwe pumzi na makohozi, ila kuhusu jiko alicheka: “Mwanangu, moshi huu ndio uliokulea.”

Mchana nililitoa lile gunia dirishani. Jioni nimelikuta limerudi mahali pake, na mama ameketi karibu na moto, ananichemshia maji ya tangawizi kwa ajili ya kifua changu.