Wakimaliza kuimba

Swali la mama mkwe bado limenikaa rohoni. Wiki hii wifi kajifungua salama na kazini zamu zimebadilishwa zote, lakini mimi nawaza maneno ya mtu aliyekuwa anachambua mchele.

Nilikuwa nimeweka ile albamu ya mwanamuziki Jordi Savall wa Hispania na marehemu mkewe, mwimbaji Montserrat Figueras, kuhusu Yerusalemu, iliyotoka mwaka 2008. Mnajua ninavyoipenda. Ndani yake mna baragumu za pembe, zaburi za Kiyahudi, nyimbo za Vita vya Msalaba, aya ya Israi, ile safari ya usiku ya Mtume, kutoka sura ya 17 ya Kurani, muziki wa enzi za Waturuki. Nikamweleza mama kwa furaha kwamba waimbaji na wapigaji ni Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Naye:

"Wakimaliza kuimba, wanakula pamoja?"

"Wanasafiri pamoja, mama. Jukwaa moja."

"Mwanangu, sijakuuliza safari."

Sikuwa na la kusema. Usiku nikatunga majibu. Wanakula pamoja, bila shaka wanakula! Nikatafuta msaada kwa Walther von der Vogelweide, mshairi wa Kijerumani wa karne ya 13, ambaye katika wimbo wake wa Palestina anakiri kuwa Wakristo, Wayahudi na "wapagani", yaani Waislamu, wote wanaiita nchi ile urithi wao. Nikafurahi, nimepata jibu. Kumbe ubeti haujaisha: anamwomba Mungu aamue kwa haki, kisha anasema wenye haki ni sisi. Aliwaona warithi watatu waziwazi, na bado akaimba kuhimiza vita. Mama hamjui Walther, ila swali lake linamfikia hata yeye.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imelifunika. Ilipofika rekodi ya mwaka 1950, Shlomo Katz akiimba El male rahamim, sala ya Kiyahudi ya kuwaombea wafu, mama aliweka ungo chini.

"Huyu amefiwa," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha. Hajui neno hata moja la Kiebrania, na aliinua mikono kama anavyoiinua kwenye hitma ya baba. Tangu nilipolikumbuka hilo, sitaki tena kumshinda kwa hoja. Nataka tu aje Jumapili nimwekee tena, yeye aulize anachotaka.