Siku yangu na viumbe wa seli moja hapa Tabora

Saa 12:30 asubuhi niko kwenye majaruba ya mpunga nje ya mji, nimevaa gambuti maana maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. "Mwangaluka, mwalimu," ananisalimu mzee mwenye shamba. Ananionyesha pembeni, penye majani yaliyooza, nami nachota maji huko. Penye uozo bakteria huzaliana, na wanaowala hawakai mbali.

Saa 2 hadi saa 4 ni vipindi vya darasani na kusahihisha madaftari.

Saa 4:30, baada ya chai, Kidato cha Pili wanaingia maabara. Umeme hakuna, lakini hadubini zetu zina vioo vya chini. Tunazigeuzia mwanga wa dirishani, kamwe si jua lenyewe, litaunguza macho. Kwanza wanaona yuglena, kijani, mwenye doa jekundu linalomsaidia kufuata mwanga. Kisha paramesiamu anapita kasi na kupotea. Naweka nyuzi chache za pamba kwenye tone, anakwama katikati yake, na sasa tunamwona vizuri: umbo la soli ya kiatu, silia, vinyweleo vya kuogelea, zikipiga mwili mzima, urefu usiofika theluthi moja ya milimita.

Hapo ndipo ninapopapenda. Mwilini mwake kuna vakuoli mbili, yaani vifuko vidogo, zinazojaa maji na kuyamwaga nje, zinajaa tena, zinamwaga tena, na wanafunzi wanahesabu mipigo hiyo. Maji ya jaruba yana chumvi kidogo kuliko ndani ya seli, kwa hiyo yanapenya bila kukoma. Asipoyatoa atavimba na kupasuka. Hana figo, hana moyo, hana ubongo, na bado anakula, anatoa taka, anakwepa hatari na kugawanyika kuwa wawili. Mtoto aliyeliona hili kwa jicho lake hahitaji kukariri.

Nadondosha maji niliyotia chumvi ukingoni mwa kioo kinachofunika tone na kuwaambia wahesabu tena. Mipigo ya vakuoli inapungua. Kelele zinazofuata zinamleta mwalimu wa jirani mlangoni.

Saa 7 mchana, wakisubiri makande, nawasimulia habari za Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1674 alitazama maji ya ziwa kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe, akaona viumbe wadogo wakiogelea. Hakuwa na shahada yoyote, na hilo nalitaja kwa makusudi.

Saa 9 alasiri nachemsha nyasi kavu, naacha zipoe, namimina maji ya asubuhi humo. Bakteria wataongezeka, na paramesiamu nyuma yao. Binti mmoja amebaki.

"Mwalimu, tukiweka sukari badala ya chumvi?"

Namwuliza anadhani nini. Anasema mipigo itapungua pia, kwa sababu seli haijali ni kitu gani kimeyeyuka, inajali ni kingi kiasi gani. Nampa kijiko na sukari ya chai, tunarudi kwenye hadubini.