Filamu Iliyotetemeka Kabla ya Ardhi

Kati ya filamu za kutisha nilizotazama hapa Goma, hakuna iliyonikosesha raha kama Wes Craven's New Nightmare ya mwaka 1994, na sababu si yule Freddy, muuaji wa ndotoni mwenye kucha za chuma. Heather Langenkamp, nyota wa filamu ya kwanza ya mfululizo huo, A Nightmare on Elm Street, iliyotoka mwaka 1984, humo anaigiza nafsi yake mwenyewe: mwigizaji na mama wa mtoto mdogo, anayesumbuliwa kwa simu na mtu asiyemjua. Robert Englund, mwigizaji wa Freddy, ni Robert Englund, kisha ni Freddy. Craven, mwongozaji wa filamu, naye anajitokeza na kueleza kwamba kuna uovu wa kale unaoweza kufungiwa ndani ya hadithi, ila hadithi hiyo ikidhoofishwa kwa kulainishwa ili iuzike, au watu wakiacha kuisimulia, uovu hupata upenyo wa kutoka.

Craven anayatoa maelezo hayo Heather anapomtembelea nyumbani kwake. Mazungumzo yakiisha, kamera inaonyesha kompyuta yake, na kwenye kioo yanasomeka maneno yale yale waliyotoka kuambiana. Hata agizo kwamba picha ififie hadi giza limeandikwa, na picha inafifia kweli. Mdogo wangu, aliyekuwa akitazama pamoja nami, aliuliza: "Sasa hapa wanaigiza ao ni maisha yao?"

Lakini kinachomgusa mtu wa Goma ni matetemeko. Heather anazinduka kutoka ndotoni nyumba ikitikisika, na ardhi inaendelea kutikisika siku zinazofuata. Maonyesho hayo yalikuwa yamekwisha kupigwa picha wakati tetemeko la kweli la Northridge, lenye ukubwa wa 6.7, lilipoikumba Los Angeles alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994. Watengenezaji wakatoka na kamera, wakapiga picha za uharibifu mitaani na kuzitia ndani ya filamu. (Tarehe 17 Januari, miaka minane baadaye, volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji wetu. Ni sadfa tu, najua, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu anayeitazama filamu hii usiku.) Aliyekuwa hapa Mei 2021, mlima ulipolipuka tena, anakumbuka jinsi maji ya kwenye beseni yalivyotangulia kucheza, ukuta ukafuata, na watu wakabeba magodoro kuelekea Sake au mpakani.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho, ambapo Freddy anapiganwa naye pangoni kwake na kuteketea ndani ya tanuru, naiona dhaifu kuliko zote. Adui mwenye uso na makazi unaweza kumfuata hadi huko na kumfungia mlango, na mtazamaji anajua amerudi kwenye sinema ya kawaida. Tetemeko halina pango, na Craven, aliyekuwa amelipata bila kulitafuta, alistahili kulipa nafasi kubwa zaidi kuliko lile tanuru.