Kunawisha Mikono Arua

Nyumbani kwetu Bombo hakuna aliyewahi kuniambia waziwazi, "Katafute mume." Walisema, "Toka utembee, mtu hapatikani chumbani." Nilikuwa nimeshapita miaka thelathini, nafundisha shule ya msingi Kampala, nimepanga chumba changu, na kila likizo ilipokaribia mama na dada zake walikuwa wameshaniandalia pa kwenda. Mara harusi Jinja, mara maulidi Mbale. Mdogo wangu wa kiume naye hakuwa ameoa, lakini yeye likizo alikuwa akilala mpaka saa nne na hakuna aliyemkatia tiketi.

Desemba 2019 shangazi alipiga simu kutoka Arua. Jirani yake anaoza binti, nauli keshatuma kwa simu, kazi yangu kupanda basi tu. Safari hiyo niliifurahia kwa moyo wote, na sababu yangu haikuwa harusi. Marehemu baba alikuwa Mkakwa wa Koboko, askari. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 na Idi Amin kupinduliwa, alirudi nyuma na wenzake mpaka Karuma, akavuka Nile kwa daraja la Pakwach, akafika kwao, kisha akaingia Zaire na jamaa zake. Kisa hicho alitusimulia kwa Kiswahili, lugha ya kambini iliyokuwa pia lugha ya nyumba yetu, kwa kuwa mama ni Mnubi na kila mmoja alikuja na ya kwao. Kila mara alikawia pale darajani: magari yamesongamana, watu wana magodoro vichwani, na yeye ameshika chuma cha ukingo akitazama maji. Nilitaka kukiona chuma kile kwa macho yangu.

Basi liliondoka Kampala alfajiri. Tulipofika Karuma, nyani wamejipanga kando ya barabara wakisubiri maganda ya ndizi, mama akapiga.

"Umekaa na nani?"

"Na mama mmoja ana mtoto mchanga."

"Hukuona kiti kingine?"

Nilimjibu kwa heshima, kama tulivyolelewa. Tulipokaribia Pakwach akapiga tena. Alitaka nifute vumbi usoni na nibadilishe mtandio kabla sijashuka, nivae ule wa kijani, tena nisifike kwa watu nimenuna. Naye mama akianza kuagiza humkatizi. Nikasema ndiyo mama, sawa mama, simu sikioni na mkono mwingine ndani ya begi nikitafuta mtandio, na nilipoinua kichwa wachuuzi walikuwa wamelizunguka basi wakiinua samaki wakavu madirishani. Daraja lilikuwa nyuma yetu. Niligeuka, nikaona kioo cha nyuma kilichojaa mizigo.

Hilo liliniuma, na mpaka leo nikilikumbuka linaniuma. Mtu asiye na mume au mke hana safari ya kwake. Akienda mazishini atatazamwa, akienda kumwona mgonjwa ataulizwa amekutana na nani, na akirudi mikono mitupu ataonekana amepoteza nauli ya watu.

Shangazi anakaa mtaa wa Oli, na pale Kiswahili na Kinubi vinakwenda sambamba toka mlango hadi mlango. Jioni ya harusi wanawake walivaa gurbaba, vazi la Kinubi, doluka, ngoma ya Kinubi, ikalia mpaka vumbi likapanda, na chakula kikaletwa kimefunikwa kwa tabaga zile za ukindu wa rangi. Shangazi akanipa birika na beseni. "Mwanangu, wanawishe wageni mikono." Nikaona ni kazi ya kawaida ya binti wa nyumba. Nilianzia mlangoni, nikapiga goti kwa kila mmoja, maji yakimiminika polepole ili yasiruke kwenye kanzu. Kwenye kona walikaa wazee watatu na mwanamume mmoja wa makamo, saa kubwa mkononi, ameinamisha macho. Nilipofika kwao, mzee wa kwanza akanyoosha mikono, akaniuliza kwa upole:

"Mwalimu, unafundisha darasa la ngapi?"

Pale ukumbini sikuwa nimemwambia mtu kazi yangu. Nilitazama mlangoni, nikamwona shangazi amesimama na wanawake wawili, wote wananitazama jinsi ninavyoshika birika. Nikajibu, "La tano, baba," nikamaliza kunawisha mstari wote, nikaweka beseni chini, nikatoka nje.

Usiku, tumelala kwenye mkeka mmoja, nilimwambia shangazi yote. Nilisema amenidhalilisha, kwamba angeniambia mapema ningekataa au ningekubali kwa akili zangu, na kwamba mimi nilikuja kuona alikopita baba. Nilidhani atanikemea. Badala yake alikaa kitako, akaniambia jinsi alivyofika Arua. Dada yake alikuwa amejifungua, naye akatumwa kutoka Koboko kumpikia uji mpaka arobaini. Dereva wa lori akamwona bombani anateka maji. Arobaini ilipotimia, wazee walikuwa wameshaleta posa, na Koboko hakurudi tena kuishi. "Nguo zangu zilibaki kwa mama," alisema. "Sisi msichana akitumwa safari, tulijua."

Nilimwelewa, na sikuwa nimewahi kumwelewa hivyo. Kwake yeye kunitumia nauli kulikuwa ndiyo njia pekee aliyoijua ya kunitakia mema. Lakini yeye aliondoka kwao akiwa msichana mdogo asiyeulizwa lolote, na kwa macho yangu hilo lilikuwa kosa hata wakati ule. Mimi mshahara wangu unalipa kodi ya chumba na dawa za mama. Nilimwambia hivyo pia, taratibu, nimemshika mkono.

"Unataka nini basi?" akauliza.

"Unipeleke Koboko, shangazi. Kwenye kiwanja cha babu."

Asubuhi alifungua sanduku, akatoa shuka lake la safari, akamwita mwenye teksi. Wale wazee walikuwa wamepangiwa kuja adhuhuri kunywa chai na kuzungumza. Akamtuma mjukuu wake awaambie wasisumbuke, mwalimu ana safari yake.